Kicheko kipande juu, kisishuke: michezo ya kuchekesha kwenye radio, wakubwa, wandishi wa habari na sisi wasomi wa Masisi na Walikale



Leo tuache kidogo mambo ya barua za kuomba kazi. Tuongee juu ya kicheko. Najua kuna mwenye atasema: "Watu wako kambini, mashamba imebaki porini, na wewe uko unatuletea mambo ya kucheka?" Ni swali la haki. Lakini angalia vizuri: hata kambini watu wanacheka. Jioni, mbele ya hema, kuna kila mara mzee mmoja au kijana mmoja anayeiga sauti ya mkubwa fulani, na watu wote wanaanguka chini kwa kucheka. Hawacheki juu wamesahau mateso. Wanacheka juu ni mara ya kwanza siku ile kusikia mtu akisema ukweli bila kuogopa.

Sasa mtoe yule mzee mbele ya hema, mpeleke mbele ya mikro. Hapo njo unapata mchezo wa kuchekesha wa radio, ule wenye kejeli juu ya siasa na juu ya wandishi wa habari. Ninataka tuelewe pamoja kazi yake ni nini, nguvu yake inatoka wapi, na kwa nini kwetu sisi inaweza kuponya ao kuua.

Kwa nini radio?

Ata mtoto wa primaire anajua jibu. Mtu wa Nyabiondo, wa Pinga ao wa Kibua hawezi kungojea televisheni. Umeme hakuna, réseau inakuja ikipenda. Lakini radio ndogo ya mabuwe ao simu yenye FM inaingia shambani, inapanda motari, inalala na mtu kitandani. Mama asiyejua kusoma na mwalimu mwenye licence wanasikia neno lile lile, saa ile ile, na katika Kiswahili chao.

Kisha radio iko na siri moja: haionyeshi uso. Kwenye televisheni unahitaji suti, kiti cha mkubwa, askari mlangoni. Kwenye radio unahitaji sauti tu. Ukigonga mlango mara tatu na kukohoa kama chef, msikilizaji mwenyewe anamjengea yule chef tumbo, kofia na viti vya ofisi. Mchezo unachezwa ndani ya kichwa chake. Njo maana kejeli ya radio ni rahisi kutengeneza na ni ngumu kusahau.

Kejeli si matusi, na si uongo

Watu wengi wanachanganya vitu vitatu. Matusi inamshika mtu na kumchafua: sura yake, mama yake, kabila yake. Uongo unataka msikilizaji aamini kitu ambacho hakiko. Kejeli inafanya kinyume: inachukua kitu ambacho kila mtu anakijua lakini hakuna anayekisema, inakivimbisha kidogo, na inakirudisha mbele ya watu. Ili kejeli ifanye kazi, msikilizaji lazima ajue ukweli mbele. Kama hajui, hatacheka, ataamini tu.

Tuchukue mfano mdogo niliotunga mwenyewe. Tuko kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi, wakati wa mvua.

MWANDISHI: Honorable, wananchi wanauliza, hii barabara itatengenezwa lini?

HONORABLE: Itatengenezwa? Ilishatengenezwa! Mimi mwenyewe nilikata ruban.

MWANDISHI: Lakini Honorable, sasa hivi gari yenu imezama mu matope.

HONORABLE: Haikuzama. Iko inapumzika.

MWANDISHI: Na hawa vijana makumi mbili wako wanasukuma?

HONORABLE: Si tuliwaahidi kazi? Andika: vijana makumi mbili wamepata kazi.

*(Sauti ya bahasha inafunguliwa. Kimya kidogo.)*

MWANDISHI: Wasikilizaji wapendwa, tuko hapa kwenye barabara nzuri sana...

Umeona? Hakuna jina la mtu, hakuna kabila, hakuna tusi. Lakini kila dereva wa motari aliyewahi kubeba mzigo kwenye ile njia anajua tunasema nini. Na angalia tena: mchezo haukumpiga Honorable peke yake. Ile sauti ya karatasi imempiga mwandishi pia. Kwetu Congo tunaijua kwa jina la "coupage": mwandishi anaitwa kwenye sherehe ao kwenye atelier, anapewa kitu cha "transport", na habari inatoka ikiwa imepakwa mafuta. Hatusemi hivyo juu ya kuwadharau wandishi. Wengi wao wanafanya kazi miezi mingi bila mshahara. Lakini mwenye kuweka wakubwa mbele ya kioo, naye apite mbele ya kile kioo. Ata Uingereza walifanya hivyo: mwaka 1991 na 1992 BBC Radio 4 ilipitisha mchezo *On the Hour*, wa Chris Morris na Armando Iannucci. Ulikuwa unaigiza taarifa ya habari, na ile sauti nzito ya msomaji anayetangaza mambo ya bure kama mwisho wa dunia. Shabaha yao haikuwa wanasiasa peke yao. Ilikuwa pia namna habari inavyojivika suti ili iogopewe.

Firigisi ya Lubumbashi

Mtu asidhani hii ni kitu cha Wazungu. Katika inchi yetu, na katika Kiswahili, tuko na wazee wa kazi hii. Huko Lubumbashi kulikuwa na kundi la teatre lililoitwa Mufwankolo, jina la mchekeshaji wake mkubwa. Kwa miaka mingi watu wa Katanga, inayoitwa wakati ule Shaba, waliwafuata kwenye radio na kisha kwenye televisheni. Walicheza Kiswahili cha mtaani: bwana na bibi, tajiri na mfanyakazi, chef na raia wake. Na ilikuwa wakati wa Mobutu, chama kimoja, wakati neno moja lingeweza kukupeleka mahali usirudi.

Walifanya namna gani? Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Amsterdam, alifuatana nao mwaka 1986 na akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1990, *Power and Performance*. Kinasimulia kwamba yote ilianza kwenye meza. Alipewa firigisi ya kuku, na akaelezwa kwa methali: "Le pouvoir se mange entier." Maana yake: utawala unaliwa mzima, haugawanywi. Firigisi ni ya mkubwa peke yake. Basi akawauliza wale wachezaji maana ya methali ile. Swali likawasha moto. Wakabishana, na mwishoni wakaamua kuifanya mchezo wa kuigiza. Wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, mbele ya wanakijiji, na televisheni ikarekodi.

Kuna mambo mawili tunaweza kujifunza pale. La kwanza, hawakuandika maneno yote kwenye karatasi. Walipatana juu ya hadithi: nani anaingia, nini inatokea, inaishia wapi. Maneno yenyewe kila mchezaji aliyapata mdomoni mwake wakati wa kucheza. Njo maana Kiswahili chao kilikuwa hai. La pili, mchezo ulikuwa juu ya chef wa kijiji na raia wake. Kijiji tu! Lakini katika inchi ambamo mtu mmoja alikuwa amekula firigisi nzima kwa zaidi ya miaka makumi mbili, nani angeshindwa kuelewa? Waliongea juu ya kijiji, watu wakasikia inchi. Ule ni werevu wa kuishi.

Wanafunzi watatu wa Nairobi

Wenzetu wa Kenya walifika mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliotoka chuo kikuu cha Kenyatta, wakaunda kundi la Redykyulass. Mong'are akaiga sauti ya Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa ameongoza tangu mwaka 1978. Walianza kujulikana kwa televisheni, na kisha Mong'are akaingia kwenye radio ya asubuhi, Kiss 100, kwa jina la Nyambane. Kabla ya hapo watu waliiga sauti ya rais wakiwa nyumbani, mlango umefungwa. Siku ile sauti iliposikika hadharani na vijana wale wakaendelea kuishi, kitu fulani kilianguka: woga. Moi alitoka mwaka 2002. Siwezi kusema ni vichekesho vilivyomtoa. Lakini ni ngumu kumuogopa sana mtu ambaye umemcheka jana usiku pamoja na jirani zako wote.

Na juu ya kuweka chumvi: John Kiarie baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti South mwaka 2017. Mwenye kuwacheka Honorable akawa Honorable. Basi ninyi munaoanza kuchekesha, mujitayarishe: kesho kuna mtoto mwingine ataiga sauti yenu.

Kicheko kinachoshuka

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri kila kicheko ni kizuri. Hapana. Na sisi wa Kivu tuko na sababu ya kulijua hili kuliko wengine.

Ng'ambo ya mpaka, tarehe 8 Julai 1993, radio moja ilifungua milango Kigali: RTLM. Watu wanaikumbuka kama radio ya chuki, na ni kweli. Lakini wanasahau namna ilivyowapata wasikilizaji. Haikuanza na kelele za vita. Ilianza na muziki mzuri, pamoja na muziki wa kwetu Congo, na watangazaji waliokuwa wakiongea kama vijana kwenye kabare: utani, vicheko, kupiga hadithi. Kantano Habimana, mtangazaji wake aliyependwa sana, alikuwa mtu wa kuchekesha. Watu walifungua radio kwa ajili ya kucheka. Kisha kicheko kikapata kabila. Mtu akachekwa, kisha akaitwa mdudu, kisha akatajwa jina lake na mahali anapojificha. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wawili waliokuwa nyuma ya radio ile, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, tarehe 3 Desemba 2003, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la *Kangura*, gazeti lililotumia pia katuni za dhihaka. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo, lakini hatia ilibaki.

Na sisi? Mwezi wa Machi 1993, mbele RTLM haijazaliwa, moto ulikuwa umeshawaka Ntoto, katika Walikale, ukapanda mpaka Masisi. Wazazi wetu wanaweza kuhesabu waliobaki kule. Waulize pia ni utani gani ulikuwa unazunguka sokoni mbele ya ile siku. Watakuambia: utani juu ya pua, juu ya ng'ombe, juu ya lugha, juu ya nani ni mgeni. Ulikuwa "utani tu".

Basi tofauti ni hii, na njo kiini cha andiko hili. Kicheko kinachopanda kinakwenda kwenye kiti: mwenye mamlaka, mwenye bunduki, mwenye pesa, mwenye mikro. Kinamwambia: tunakuona. Kicheko kinachoshuka kinakwenda kwa jirani: mkimbizi, kabila ingine, mwanamke, maskini. Kinamwambia: wewe si mtu kama sisi. Cha kwanza kinapunguza woga. Cha pili kinatayarisha panga. Sauti ni ile ile, mikro ni ile ile, na hata mchekeshaji anaweza kuwa yule yule.

Hadithi ao mabishano?

Kuna somo lingine lililopatikana hapa hapa kwetu. Shirika Radio La Benevolencija, lililotengeneza mchezo wa *Musekeweya* Rwanda tangu mwaka 2004, lilipitisha pia mashariki mwa Congo mchezo wa Kiswahili unaoitwa *Kumbuka Kesho*, ili watu wajifunze kuishi pamoja. Mtafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Elizabeth Levy Paluck, akafanya jaribio. Sehemu fulani watu walisikia mchezo peke yake. Sehemu zingine, kisha mchezo, walisikia kipindi cha mazungumzo kilichowaalika wabishane juu ya yale waliyosikia. Kila mtu angefikiri mabishano yataleta amani zaidi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalikuwa kinyume: wenye kusikia kipindi cha mazungumzo walibishana zaidi, ndiyo, lakini walikumbuka zaidi machungu yao, na walikuwa wagumu zaidi kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda.

Sisi wasomi tunapenda "débat". Tunafikiri tukifungua tu mlango, ukweli utaingia wenyewe. Ile kazi inatuonya. Mabishano ya wazi bila mwenye kuyaongoza vizuri yanaweza kupasua kidonda. Hadithi iko na faida nyingine: inakupa nafasi ya kujiona bila kutajwa. Mtu akiambiwa "kabila yenu ni wezi wa ardhi", anachukua fimbo. Akisikia mzee wa mchezo anayehamisha mpaka wa shamba usiku, kisha asubuhi anakwenda kanisani wa kwanza, anacheka, na anakumbuka mtu fulani wa kwao.

Hatari tusizifiche

Tusidanganyane: kazi hii inaweza kugharimu. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, ilipoteza wandishi wawili Bukavu: Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wawili kwa risasi. Hawakuwa hata wachekeshaji. Huko kwetu, mahali ambapo mwenye bunduki anabadilika mara kwa mara, mzaha wa jana unaweza kuwa kosa la leo. Na sheria iko pia: ordonnance-loi ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya uhuru wa habari, na Code du numérique ya siku ile ile. Msome zote mbili kabla ya kushika mikro, mujue ni nini inawalinda na ni nini inaweza kuwafunga.

Lakini kuna hatari ingine ambayo wazee wa Mufwankolo hawakuijua: simu. Zamani mchezo ulisikika wote, na muziki wake wa mwanzo na wa mwisho. Leo mtu anakata sekunde 30, anaitupa kwenye WhatsApp, na ile sekunde 30 inatembea bila kicheko chake. Fikiri mmoja wenu atengeneze taarifa ya habari ya mzaha: "Wakubwa wamekimbia mji, wameacha hata viatu." Kwenye studio ni kichekesho. Lakini ile sauti ikifika usiku kwenye simu ya mama mwenye watoto wanne, anafunga mizigo na kuingia njiani gizani. Kwetu watu hawangojei kuhakikisha. Walishajifunza kwamba mwenye kuchelewa anabaki. Mzaha huo haukumcheka mkubwa. Umemkimbiza mama.

Basi kwa wale wanaotaka kujaribu, kwenye radio ya jamii ao hata kwenye rekodi ya simu, ninaacha mambo manne:

1. Uliza: nani anaumia na huu mzaha? Kama ni aliye juu, endelea. Kama ni jirani, futa.

2. Usiige habari ya vita, ya magonjwa ao ya kukimbia. Ata kwa sekunde moja. Barabara, mshahara, ahadi za uchaguzi, bahasha na hotuba ndefu zinatosha kwa miaka mia.

3. Weka alama ya mzaha ndani ya mchezo wenyewe, si mwanzoni tu: sauti iliyovimba, jina la kijiji ambacho hakiko, kuku anayehojiwa kama msemaji wa serikali. Ili hata kipande kilichokatwa kijulikane kwamba ni mchezo.

4. Mujicheke na ninyi wenyewe. Sisi wenye diploma tuko na mengi: mwenye licence asiyeweza kuandika barua ya baba yake, mwenye kuongea Kifaransa na mbuzi, mwenye kungojea kazi ya ONG miaka sita na anakataa kushika jembe. Mtu anayejua kujicheka, watu watamruhusu kuwacheka wengine.

Bandugu, chuo kilitupa maneno magumu mengi. Lakini mama zetu hawasomi mémoire zetu. Wanasikiliza radio. Kama tunataka ile miaka tuliyokaa kwenye auditoire isaidie Masisi na Walikale, tujifunze kusema mambo mazito kwa sauti ambayo mama anaweza kusikia akiwa anamenya muhogo, akacheka, na kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini ni kweli."

Nani kati yenu aliwahi kusikia mchezo wa namna hii kwenye radio ya kwetu? Mutuandikie unachokumbuka: ulichezwa wapi, ulichekesha juu ya nini, na ulipanda ao ulishuka. Tutaendelea pamoja.